Usikate kitambaa, fundi, nitanenepa tena

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani hapa Mabatini, Mwanza, mwanamke wa miaka 53. Gazeti lako hunifikia likiwa limechelewa siku mbili tatu, kwa sababu jirani yangu wa duka la vipodozi hulisoma kwanza ndipo anipe. Wiki iliyopita nilikuta humo makala ya dada aliyepunguza kilo 14 kwa wiki 10. Mmeweka picha yake ya zamani na ya sasa, mkaeleza anachokula asubuhi, mchana na jioni. Nampongeza kwa moyo wote, maana najua kilo 14 zinavyotoka. Ila kuna jambo hamkumwuliza, na kwa miaka 26 niliyokaa nyuma ya cherehani nimeona kwamba hilo ndilo linaloamua kama kilo zitarudi au hazitarudi.

Naomba nianzie kwenye kazi yangu. Mteja akipungua mwili huniletea magauni yake niyabane. Gauni hubanwa kwa njia mbili. Ya kwanza, unafumua ubavuni, unakata kitambaa kilichozidi, unapiga ovaloki, unashona upya. Gauni linalala mwilini kana kwamba limeshonwa jana. Ya pili, unapitisha mshono mpya ndani ya ule wa zamani, na kitambaa chote kinachozidi unakiacha humo humo kimekunjwa. Gauni la namna hiyo huvuta kwapani, na ubavuni panakuwa pagumu kama pana kamba ndani. Mteja akisimama mbele ya kioo anaona mwenyewe. Na bado, karibu wote huniambia maneno yale yale: "Usikate kitambaa, fundi. Nitanenepa tena."

Hawasemi kwa huzuni. Wanasema kama mtu anavyosema masika yatakuja. Mteja amejinyima miezi mitatu, kiuno kimetoka inchi 42 hadi 37, watu wanamsifia njia nzima, lakini ndani ya moyo wake yeye bado ni mtu wa inchi 42 aliyetoka kidogo kutembea. Nyumba yake iko kule kule. Atarudi.

Na hurudi. Ninayo madaftari ya vipimo tangu nianze kushona mwaka 1999, na wateja wengine nimewapima tangu wakiwa wasichana. Yuko mwalimu mmoja ambaye ukurasa wake unasomeka hivi kwenye kiuno: 38, 43, 37, 42, 39, 45. Kila namba ndogo ina sherehe yake pembeni: harusi ya mdogo wake, send-off ya mwanawe, mahafali. Ukikaa kwenye kamati ya harusi unapewa kitenge cha sare miezi miwili kabla, unamletea fundi, na unamwambia: "Nishonee kiuno 36, mpaka siku hiyo nitakuwa nimefika." Nimeshona magauni mengi ya watu ambao bado hawajawepo. Wengine walifika kweli siku ya sherehe, wakapendeza. Baada ya sherehe, ile sababu ya kujinyima ilikuwa imekwisha, na mtu akarudi kuwa yule aliyekuwa siku zote.

Sisemi haya kuwacheka. Mimi mwenyewe nimepita huko mara tatu.

Nilizaliwa Muleba, mkoa wa Kagera, mwaka 1972. Mwaka 1983, nikiwa na miaka 11, mkoa wetu ndiko walikogunduliwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini. Sisi watoto hatukulijua jina hilo. Tulisikia watu wazima wakisema "Juliana." Lilikuwa jina la kitambaa kilicholetwa na wafanyabiashara kutoka Uganda, na watu wakaupa ugonjwa jina la kitambaa. Waganda wenyewe waliuita "Slim," yaani mwembamba. Huenda vijana wa leo hawaelewi maana yake. Kwetu mtu alikonda, kisha akazikwa. Mama yangu alikuwa akitushika mikono kila jioni, hapa juu ya kiwiko, anapima kwa vidole vyake kama tumepungua. Mtu mnene akipita, wanawake walisema kwa sauti ya shukrani: "Yule mzima." Unene ulikuwa cheti.

Nilikua na cheti hicho. Nikaolewa, nikahamia Mwanza mwaka 1995, nikazaa watoto wanne, na kila nilipokwenda kwetu, wakinipokea kwenye gari sifa ya kwanza ilikuwa kunenepa. "Mume wako anakutunza." Kila aliyenikaribisha chakula aliniambia mwili haujengwi kwa matofali. Nilipofungua kibanda changu watu walianza kuniita Fundi Bonge, nami nikampa mchoraji hela aliandike jina hilo ukutani kwa rangi nyekundu, futi mbili kwenda juu. Lilinipa wateja. Mtu akiuliza stendi ya daladala kwa fundi wa kike anaambiwa nenda kwa Bonge. Kwa hiyo ninaposema kwamba unene ulikuwa jina langu, sisemi kwa mafumbo. Lilikuwa limeandikwa ukutani.

Mwaka 2016 mizani ya duka la dawa ilisoma kilo 104. Urefu wangu ni mita 1.62. Ukigawanya kilo kwa urefu uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe unapata karibu 40, na unene uliokithiri, kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, unaanzia 30. Magoti yalikuwa yanauma nikipanda ngazi za benki. Mwaka 2017 nikanywa majani ya chai niliyouziwa sokoni, nikaharisha wiki sita, kilo 9 zikatoka na zote zikarudi kabla ya Krismasi. Mwaka 2018 niliacha wanga wote kwa ajili ya harusi ya binti wa dada yangu. Sikugusa ugali, sikugusa wali, na kwa Mhaya kuacha ndizi ni msiba. Kilo 13. Miezi minane baadaye nilikuwa 106. Mwaka 2020 ikawa tangawizi, limau na matango. Hiyo sina haja ya kuieleza.

Mara zote tatu nilikuwa nikiwaambia watu, "Niko kwenye dayati." Hebu sikiliza maneno hayo, Mhariri. Niko kwenye. Ndivyo tunavyosema niko kwenye basi. Mtu aliye kwenye basi anajua atashuka.

Halafu ikaja Kwaresima ya mwaka 2021. Majivu tulipakwa tarehe 17 Februari. Mimi ni Mkatoliki, na nimekuwa mtu wa kanisa tangu kwa mama yangu, lakini kwa miaka mingi nilikuwa mtu wa Misa ya Jumapili tu, tena kwa bodaboda. Mwaka huo niliamua kwamba mfungo wangu utakuwa kwenda Misa ya alfajiri kila siku, kwa miguu, kupanda kilima cha Bugando. Sikuwaza kilo. Nilikuwa nimekata tamaa na habari ya kilo. Niliwaza mama yangu, aliyekuwa akitembea kwenda kanisani na khanga moja kichwani na nyingine kiunoni mpaka mwaka aliofariki.

Siku ya kwanza nilitumia dakika 50 na kusimama mara sita. Nilishika miamba ya kando ya njia nikihema. Wanaoijua Mwanza wanajua hivyo vilima na mawe yake. Wiki ya pili mlinzi mmoja wa geti, mzee wa Kisukuma anayekesha na koti la jeshi, akaanza kunisalimia. Wiki ya nne kamanda wetu mkuu alifariki. Tarehe 24 Machi mwili wa Rais Magufuli ulifikishwa Mwanza, uwanja wa CCM Kirumba, na kwa siku zile kibanda changu kilijaa vitambaa vyeusi mpaka mlangoni. Nilishona hadi saa 7 usiku. Saa 10 na nusu nilikuwa macho, na saa 11 nilikuwa barabarani. Nakumbuka nikijiuliza, kwa nini sijalala leo? Hakuna ambaye angenilaumu. Jibu lililonijia lilikuwa fupi: kwa sababu mimi ni mtu wa Misa ya alfajiri. Hakukuwa na lengo wala sherehe mbele yangu, wala namba. Nilikuwa nikifanya linalofanywa na mtu kama mimi.

Pasaka ilikuwa tarehe 4 Aprili. Mfungo ulikwisha. Jumatatu ya Pasaka niliamka saa 10 na nusu bila saa ya kuamsha, nikavaa raba.

Binti yangu anasomea uuguzi, na yeye ndiye aliyenieleza baadaye kwamba watafiti wa chuo kimoja cha London walifuatilia watu 96 kuona tendo jipya linachukua siku ngapi kuwa mazoea. Wastani ulikuwa siku 66, ila wapo waliochukua 18 na wapo waliohesabiwa kufika 254. Alinieleza nikashusha pumzi, maana kila dawa niliyowahi kununua ilikuwa na ahadi ya siku 21 au mwezi. Mimi, nikikumbuka vizuri, ni karibu na Julai ndipo nilipoacha kujadiliana na kitanda.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo limenifanya nishike kalamu. Kwetu Kagera kila ukoo una muziro wake, mwiko wa ukoo, mnyama au kitu ambacho watu wa ukoo huo hawali. Sisi hatuli pongo. Nimekua nikijua hivyo kama ninavyojua jina la babu yangu. Na katika miaka 53 sijawahi kukaa nikitamani nyama ya pongo. Sijawahi kujipongeza kwa kuishinda. Ingewekwa mezani ikinukia vizuri, isingenihusu. Jirani yangu wa vipodozi ni Mwislamu, na kitimoto kinachomwa hatua 30 kutoka dukani kwake kila jioni. Hajizuii. Hali, basi. Mteja wangu Msabato ukimkaribisha chai ya majani anakuambia sisi hatunywi, na mazungumzo yanaendelea. Watu hawa wote hawako kwenye dayati. Watu wetu wamejua tangu zamani namna ya kumfanya mtu aache chakula maisha yake yote bila mateso: hawakumpa orodha, walimwambia yeye ni nani.

Nililielewa hilo kwa soda. Katika kazi yetu mteja akiridhika hukupa hela ya soda, na wengi huleta soda yenyewe, baridi, chupa inatoka jasho. Nilikuwa nakunywa tatu kwa siku. Chupa ya mililita 350 ina sukari gramu 35 au zaidi, karibu vijiko tisa vya chai, na Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi kama gramu 50 kwa siku nzima kwa mtu mzima. Nilipokuwa nikisema "daktari amenikataza," kila mtu aligeuka wakili wangu: moja tu haiui, daktari mwenyewe anakunywa, mimi nimekuletea kwa upendo. Nikinyimwa na daktari, basi soda bado ni yangu, nimenyang'anywa tu, na rafiki mwema anakusaidia kurudishiwa kilicho chako. Siku moja, bila kupanga, nilimjibu mama mmoja, "Asante, mimi sinywi soda." Akasema, "Oo, nikuletee maji?" Ikawa imekwisha hapo. Neno moja. Sinywi.

Binti yangu akaniambia wako watafiti wa Marekani, Vanessa Patrick na Henrik Hagtvedt, waliochapisha mwaka 2012 majaribio ya jambo hili hili: watu waliopewa neno la kusema "sili" walikiacha kitafunio kitamu mara nyingi zaidi kuliko waliopewa kusema "siwezi kula." Nilifurahi kusikia, ingawa bibi yangu angewaeleza bila majaribio.

Sitaki msomaji afikiri nasema ni suala la kujiambia maneno kwenye kioo. Nilijaribu hilo pia mwaka 2018. Nilibandika karatasi kwenye kabati imeandikwa "mimi ni mwembamba." Haikuwa kweli, na mwili unaujua uongo. Mtu hajipi jina, hupewa na wanaomwona. Mimi jina jipya nilipewa na yule mlinzi wa geti. Siku moja, sijui mwezi gani, badala ya "shikamoo mama" aliniambia, "Shikamoo Mama Alfajiri." Muuza maandazi wa kona akalidaka. Wanafunzi wanaotembea kwenda shule wakalidaka. Jina hilo sikulinunua kwa mchoraji. Nililitembelea.

Na ndilo lililonishika nilipoteleza. Desemba 2023 nilikwenda Muleba wiki tatu. Nilikula kila nilichopewa, nikanywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, na shemeji zangu, nikarudi na kilo nne. Zamani hapo ndipo ningesema nimeharibu, nikaanza kula kwa hasira mpaka Pasaka. Tarehe 2 Januari nikiwa kitandani niliwaza: mlinzi ataniulizia. Nikatoka. Kweli alikuwa amesimama nje ya geti na tochi yake, akasema, "Tulidhani umehama." Kilo nne zilichukua miezi mitano kutoka, na sikuzihesabu sana.

Hivi leo nina kilo 82. Najua kwa hesabu ile ile bado niko juu kidogo ya 30, na gazeti haliwezi kunipiga picha ya kabla na baada ikavutia. Presha ilikuwa 168 kwa 104, sasa hukaa karibu na 132 kwa 84, na dawa naendelea kumeza kama nilivyoelekezwa. Magoti yamenyamaza. Ni mwaka wa nne kilo hizo hazijarudi, na mimi nathamini hiyo minne kuliko 22.

Nisiache kusema upande mgumu, maana nao ni wa jina. Nilipofika kilo 90 mtaa ulianza kunong'ona. Kwamba fundi anaumwa. Mteja wangu mmoja wa miaka mingi alichukua vitambaa vyake vitatu bila kusema kwa nini. Mwanangu wa kiume aliulizwa na rafiki zake kama mama anatumia dawa. Mhariri, dawa za kufubaza virusi zinatolewa bure nchini tangu mwaka 2004, watu wanaishi nazo, wananenepa, wanasomesha wajukuu, lakini macho yetu bado yako mwaka 1983. Dada yangu mkubwa alipanda meli usiku kutoka Bukoba bila kunipigia simu. Alifika saa 3 asubuhi, akasimama mlangoni, akanishika mkono juu ya kiwiko. Hapo hapo alipokuwa akishika mama. Akaanza kulia.

Nilimkalisha, nikamwonyesha cheti changu cha kipimo. Hakukitazama. Nikaenda ndani nikamletea raba zangu, jozi tatu nilizokwisha kuzimaliza, soli zimelika upande wa nje, moja imetoboka mpaka ukaweza kupitisha kidole. Alizigeuza geuza muda mrefu. Kisha akasema kwa Kihaya, kwamba mama alikuwa akimaliza ndala upande huo huo. Kesho yake alfajiri alikwenda na mimi, polepole, na aliposikia mlinzi akiniita alinitazama kama ananiona leo. Naamini siku ile ndipo aliponikubali mimi wa sasa. Kabla ya hapo, kila sahani aliyonipakulia kwa simu na kwa zawadi za ndizi ilikuwa njia ya kumrudisha yule wa zamani, kwa upendo kabisa.

Kwa hiyo watu wanaokuzunguka hawana ubaya, wanakulinda unavyojulikana. Na mwili nao hulinda unavyojijua. Mwaka 2016 mtafiti Kevin Hall na wenzake wa Marekani walichapisha habari za watu 14 walioshiriki shindano la televisheni la kupungua uzito. Baada ya miaka sita wengi wao walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya kilo zao, na miili yao ikiwa imepumzika ilikuwa ikitumia karibu kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Yaani mwili ulikuwa bado unabana matumizi, ukingoja njaa ipite. Niliposomewa hayo nilimkumbuka yule mwalimu wa 38, 43, 37. Kumbe alikuwa akivutwa kamba na mwili wake mwenyewe, na sisi tukimwita mvivu. Sitaruhusu tena mtu amwite hivyo kibandani kwangu.

Ukuta nimeupaka rangi upya mwaka jana. Niliogopa kupoteza wateja, na kweli wapo waliopotea wiki za kwanza wakimtafuta Bonge. Sasa pameandikwa Fundi peke yake. Lile jina lingine sikuliandika, ni la njiani, liko huko lilikozaliwa.

Ombi langu, Mhariri, ni dogo. Yule dada wa kilo 14 mrudieni baada ya miaka mitatu. Msimwulize amekula nini asubuhi. Mwulizeni akiamka anakwenda wapi, na akiwa njiani watu wanamwitaje. Mwulizeni ni chakula gani ambacho hakili tena, na mkisikilize kile kitenzi chake, kama ni "siruhusiwi" au ni "sili." Na mchapishe jibu lake hata kama kilo saba zimerudi, maana wasomaji wenu wengi wako hapo kwenye kilo saba, na hawajawahi kujiona gazetini.

Wakati naandika barua hii amekuja mteja na gauni la kitenge cha bluu alichovaa kwenye kipaimara cha mwanawe. Amepungua inchi tatu. Ameanza kukimbia mchakamchaka na kikundi cha akina mama cha Igoma, na amekuja amevaa fulana yao ya kijani. Nilimpima, nikaligeuza gauni, nikafumua ubavuni, nikamwuliza kama nikate. Alikaa kimya. Aliishika ile fulana kifuani akaivuta vuta, kisha akasema, "Kata upande wa kushoto na kulia nusu nusu, fundi. Nusu niachie."

Nikachukua chaki nikapiga mstari katikati.

Wako msomaji,
Fundi cherehani,
Mabatini, Mwanza